Mguu wa Askofu

Habari hii nilipewa na Sorcha, binti yake Concepta Tierney wa pale ukingoni mwa uwanda wa Curragh, mwaka ule theluji ilipoanguka baada ya Pasaka na watu wakalaza wana-kondoo jikoni kando ya moto. Tulikuwa kwake tunamenya viazi, maana kulikuwa na kipaimara na wageni walikuwa wengi. Aliyoyaona kwa macho yake alisimulia kama alivyoyaona. Yaliyokuwa moyoni mwa mama yake alisema aliyapata kwa mama mwenyewe, kipande leo, kipande mwakani, kwa sababu Concepta si mtu wa kumwaga maneno.

Basi, Concepta alikuwa akifunza farasi wa mbio. Hakuwa mfunzaji mkubwa. Alikuwa na mabanda machache nyuma ya nyumba, yaliyojengwa na baba yake, na mumewe alipofariki watu walidhani atauza. Hakuuza. Aliendelea na mdogo wake, Ultan, ambaye alikuwa mpanda farasi tangu hajaota ndevu, na huyo Sorcha, ambaye siku zile alikuwa msichana mwembamba mwenye haraka, ndiyo kwanza anaanza kupewa farasi wa kupanda mashindanoni.

Farasi wao wa kujivunia walikuwa wawili, wa tumbo moja. Mkubwa walimwita Askofu, kwa sababu alikuwa na baka jeupe usoni lililochongoka juu kama kofia ya askofu. Mdogo wake, jike, alikuwa mweusi mwenye shingo nyeupe, wakamwita Mtawa. Hayo ni majina ya nyumbani. Gazetini walikuwa na majina mengine marefu ambayo hakuna aliyeyatamka. Wote wawili walikuwa mali ya Jarlath Cuddihy mwenye bucha, yeye na wateja wake walioshirikiana kuwanunua.

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, Concepta aliingia banda kwa banda na kupitisha kiganja kwenye miguu ya kila farasi, kutoka goti hadi kwato. Mguu ukiwa na joto, farasi hatoki. Mguu ukiwa baridi, kila kitu salama. Baba yake alifanya hivyo, na kila mtu pale uwandani anafanya hivyo mpaka leo. Kiganja cha Concepta kilisifiwa. Watu walisema anaweza kuhisi kidonda kabla farasi mwenyewe hajakijua.

Kiangazi kile mvua ilikataa. Majani ya uwanda yakakauka mpaka kondoo wakawa wanatafuna vumbi. Na kiangazi hichohicho Askofu akaanza ukaidi. Akifika kona ya mwisho, badala ya kushika njia ya ndani, alikuwa anaegemea nje, anaenda upande kama mlevi anayeutafuta ukuta. Ultan akamvuta, akamchapa, farasi yuleyule. Wakasema amekuwa mjanja, anatucheka, hataki kazi. Concepta akamvika viziba macho, vile vikombe vya ngozi vinavyomzuia farasi asione pembeni. Askofu akanyooka kama mshale. Akashinda mbio za mwezi wa sita, na Jarlath akagawa nyama bure siku nzima.

Mbio zilizofuata, kwenye kona ileile ya mwisho, mguu wake wa mbele wa kulia ulikatika. Watu wa uwanja wakaja na pazia la kijani, wakamzungushia. Ukiona pazia lile huulizi kitu, nyuma yake farasi anauawa asiteseke. Ultan alitupwa chini, akavunjika nyonga na mfupa wa bega.

"Alikanyaga vibaya," alisema msimamizi wa uwanja, kofia mkononi.

"Alikanyaga vibaya, maskini," alisema fundi wa kwato.

Hata padri, mlangoni mwa kanisa, alimshika Concepta mkono akamwambia hivyohivyo. Pale kwetu neno hilo likishasemwa, jambo limefunikwa. Hakuna wa kulaumiwa, hakuna wa kuulizwa. Mtu unasema asante, unaenda kunywa chai.

Concepta naye alilisema. Alimwambia Jarlath, akamwambia Sorcha, akamwambia na Ultan aliporudishwa kutoka hospitali na kulazwa kwenye chumba cha chini, kile kinachotazama mabanda.

Ila Ultan hakulipokea. Alilala akitazama dari. Chakula kilikwenda na kurudi.

"Mimi ndiye niliyemvuta, dada," alisema. "Alikuwa anataka kutoka nje, mimi nikamrudisha ndani kwa nguvu. Nikamchapa upande wa kushoto. Nikasikia pa! Mikono yangu hii."

"Alikanyaga vibaya, Ultan. Kunywa supu."

"Nilimvuta."

"Kunywa supu yako inapoa."

Hivyo ndivyo walivyoishi, wiki baada ya wiki. Ultan hakutaka dirisha lifunguliwe, kwa sababu ya harufu ya farasi. Kazi yote ikawaangukia Concepta na Sorcha. Na daktari wa farasi, Malachy Feehily, aliyekuwa ameuchukua ule mguu wa Askofu aende kuupasua na kuutazama, alipiga simu mara mbili. Concepta aliona jina lake kwenye simu mara zote mbili. Mara ya kwanza aliigeuza kifudifudi juu ya meza. Mara ya pili alikwenda nje kuosha ndoo ambazo zilikuwa safi.

Ikafika Alhamisi. Jumapili yake Mtawa alikuwa anakimbia, na Sorcha ndiye wa kumpanda. Zilikuwa mbio za kweli, si zile za vichochoroni, na jina la Sorcha lilikuwa limeshachapishwa gazetini. Jarlath alikuwa amekodi basi la wateja wake. Asubuhi ile alikuja kutazama mazoezi, amevaa koti lake la bucha, kiatu kimoja kina damu ya ng'ombe.

Sorcha alimkimbiza Mtawa kupanda kilima, akarudi uso umemwiva, anacheka.

"Mama! Huyu kweli ni dada yake Askofu. Ananiegemea! Kilima kinapopinda namwambia twende huku, yeye anataka kwenda kule."

"Kule wapi?" Concepta aliuliza.

"Nje. Kushoto. Ana kiburi huyo, mtawa gani asiyesikia la mkubwa wake?"

"Ah, basi dawa si tunayo?" Jarlath alisema. "Mvikeni vile vikombe vya kaka yake. Mimi mke wangu ningemvika zamani, ningepata nafuu."

"Mkeo akikuvika wewe, ndipo bucha litapata nafuu," Sorcha alimjibu, na Jarlath akacheka mpaka kondoo wakakimbia.

Concepta alikwenda chumba cha matandiko. Vile viziba macho vilikuwa vimetundikwa msumarini, vimefutwa vizuri kwa mafuta. Alivichukua. Alisema baadaye kwamba mikono yake ilivichukua yenyewe, kama mtu anavyochukua chumvi. Akamvika Mtawa, akafunga vikanda. Sorcha akampandisha tena kilima.

Mtawa alikwenda sawasawa kama uzi. Kwato zake zilisikika zikipiga ardhi kavu kwa mpigo mmoja, pakapa, pakapa, wala hakuyumba hata kidogo. Jarlath akapiga makofi.

"Umeona! Umeona! Jumapili nawalisha soseji wote, hata wale wanaonidai!"

Na ndipo Concepta alipokumbuka. Ule unyookaji alikuwa ameshauona. Aliutazama vilevile mwezi wa sita, amesimama palepale, na alipiga makofi vilevile. Akamshika Mtawa hatamu, akainama, akapitisha kiganja mguu wa kulia. Baridi. Akarudia, taratibu, kama anayetafuta sindano kwenye zulia. Baridi kabisa.

"Vipi?" Sorcha aliuliza kutoka juu.

"Uko baridi."

"Si ndiyo vizuri?"

"Mguu wa Askofu nao ulikuwa baridi," Concepta alisema. "Asubuhi ileile. Niliushika mimi."

Sorcha hakucheka tena. "Mama, usianze. Askofu alikanyaga vibaya. Wewe mwenyewe ulisema."

Concepta alimpeleka farasi bandani, akampa maji, akasimama naye kitambo. Kisha akampigia simu daktari.

Malachy alikuja mchana, baada ya kengele ya sala ya saa sita kupigwa redioni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuongea na farasi kwanza ndipo amsalimie mwenyewe. Alimkunja Mtawa kifundo, akakishikilia, akamwambia Sorcha amkimbize uani mwendo wa mchapuko. Hakuchechemea. Akamkunja tena, akamkimbiza tena. Sawa. Akaleta mashine yake ndogo, akapiga picha za mifupa, akazitazama muda mrefu akiwa amekunja uso.

"Sioni kitu," alisema.

"Mungu ashukuriwe!" Sorcha alisema, akaingia ndani kula mkate.

Concepta alibaki. Aliufunga mlango wa banda kwa nyuma yake.

"Malachy. Ule mguu wa Askofu. Uliuona?"

"Niliuona. Nilikupigia."

"Najua ulipiga. Sasa niambie."

Daktari alifuta mikono yake kwa majani makavu. Hakuwa na haraka.

"Mfupa ule haukuvunjika siku ile, Concepta. Siku ile ulimalizika tu. Ulikuwa na ufa wa ndani pale kwenye kifundo, mwembamba kama ufa wa kikombe cha chai, na ulikuwa wa siku nyingi. Pembeni yake mfupa ulikuwa umejaribu kujiziba. Unajiziba kidogo, mnamkimbiza, unapasuka tena kidogo."

"Na kiganja changu?"

"Kiganja chako hakina kosa. Kinashika nyama, kinashika mishipa. Ufa uliojificha kule ndani hautoi joto la kumfikia mtu."

"Hakuchechemea hata siku moja."

"Akitembea hauumi. Unauma akikimbia kwa nguvu zote, kwenye kona, uzito wote ukiwa juu ya mguu ule wa ndani. Wewe ungekuwa yeye ungefanya nini?"

Concepta aliangalia chini. Alijua atakachosema kabla hajakisema.

"Ningeegemea nje."

"Alikuwa anaupumzisha mguu wake. Hiyo ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kuwaambia."

"Nasi tukamziba macho."

Malachy hakumsaidia kwenye hilo. Alimpapasa Mtawa shingoni. "Akizibwa macho anasikia wenzake nyuma lakini hawaoni. Anaogopa. Farasi mwenye hofu anasahau maumivu, anakimbia. Ndiyo maana alishinda."

"Lakini ufa ulitoka wapi? Nimefunza farasi miaka yote hii, Malachy. Sijawahi kumuua farasi kwa kazi."

"Kumbuka kile kikohozi cha Kwaresima."

Alikumbuka. Kikohozi kilikuwa kimeingia mabanda yote. Farasi walisimama ndani wiki nyingi, hawakimbii, wanapewa nyasi zilizoloweshwa. Walipopona alifurahi mno kusikia pumzi zao safi. Akawarudisha kilimani upesi, kwa sababu mbio nzuri zilikuwa zimekaribia na Jarlath alikuwa akiuliza kila siku.

"Farasi akisimama, mfupa nao unalegea," daktari alisema. "Ukimrudisha kazini, mapafu yanaamka kwanza. Wewe ulisikia pumzi, ukaona farasi mzima amerudi. Kumbe mifupa yake ilikuwa bado imelala. Halafu ardhi ikawa kama sakafu ya saruji. Ardhi peke yake isingemvunja. Wenzake wote siku ile walikimbia juu yake wakarudi nyumbani."

"Na huyu," Concepta alisema, mkono juu ya mgongo wa Mtawa, "alikohoa wiki ileile."

"Ndiyo."

"Na picha haioni kitu."

"Mashine hii ndogo mara nyingi haioni. Ile kubwa iko hospitali ya farasi, na nafasi ni Jumanne. Siwezi kukuambia ana ufa. Siwezi kukuambia hana. Nikikuambia namna yoyote nitakuwa nakudanganya."

Aliondoka, na gari lake likainua vumbi njia nzima. Concepta alikaa na farasi mpaka Sorcha akamwita mara tatu. Hofu yake haikuwa ya farasi peke yake tena. Kila alipofumba macho aliiona ile kona, na Sorcha juu, na lile pazia la kijani likija mbio.

Na bado siku ile hakusema kitu, wala Ijumaa. Ni rahisi kumlaumu. Lakini kusema Mtawa asikimbie kulimlazimu aseme kwa nini, na akishasema kwa nini, lile neno walilojifunika nalo wote lingefunuka, na chini yake angeonekana yeye mwenyewe. Tena kulikuwa na Ultan. Angemwambia nini Ultan? Ijumaa nzima alizunguka na fagio. Alimpelekea mdogo wake mayai, akamkuta amegeukia ukuta. Akafungua dirisha kwa nguvu, kwa kuwa chumba kilikuwa kinanuka ugonjwa.

"Lifunge, dada."

"Halifungwi leo. Unaoza humu."

Jumamosi asubuhi Jarlath alikuja na kapu la soseji, kuonyesha tu. Sorcha alikuwa uani anasugua viatu vyake vya kupandia, anaimba.

"Zinatosha basi zima!" Jarlath alisema. "Na nyingine nimezitia kitunguu, maana padri anapenda. Mama yako yuko wapi? Bibie! Njoo unuse!"

Concepta alitoka bandani. Alikuwa amesimama na Mtawa tangu kulipopambazuka.

"Jarlath, Mtawa hakimbii kesho."

"Eh?"

"Nimeshapiga simu. Nimemtoa."

Kiatu cha Sorcha kilianguka. "Umemtoa? Mama, umemtoa? Bila kuniambia? Daktari alisema yuko sawa!"

"Alisema haoni kitu."

"Si ni hilohilo!"

"Si hilohilo, mwanangu."

Jarlath aliweka kapu chini polepole, kama mtu anayeshusha mzigo asije akautupa. "Ngoja kwanza. Picha safi?"

"Safi."

"Mguu baridi?"

"Baridi."

"Hachechemei?"

"Hachechemei."

"Basi una nini wewe mwanamke? Nina basi zima! Nina watu wamenunua kofia! Unajua wateja wangu walivyo? Nitachekwa mpaka Krismasi. Watakuja kununua maini waniulize, Jarlath, hili nalo limetolewa?"

"Na wakucheke."

"Unaogopa tu. Tangu yule mwingine. Nakuelewa, bibie, lakini yule alikanyaga vibaya. Hutokea. Huwezi kufunga mabanda kwa sababu farasi mmoja alikanyaga vibaya."

Concepta alijua dirisha la Ultan liko wazi. Lilikuwa nyuma yake, hatua chache tu. Hakushusha sauti.

"Askofu hakukanyaga vibaya," alisema. "Askofu alikuwa na ufa mguuni, wa miezi. Alituambia kwa njia yake, nasi tukamwita mkaidi. Mimi nilimrudisha kazini kabla mifupa yake haijawa tayari. Mimi nikamziba macho ili asikumbuke maumivu. Malachy aliufungua mguu akauona. Ultan angemvuta, asingemvuta, ungevunjika palepale. Na huyu ameanza kuegemea kama kaka yake, na mwanangu ndiye anayekaa juu. Sasa chukua soseji zako."

Jarlath alivuta koti lake, akalifunga vifungo, akavifungua.

"Mimi ndiye niliyekuwa nauliza kila siku," alisema mwishowe. "Lini anakimbia, lini anakimbia."

"Wewe uliuliza. Mimi ndiye niliyejibu."

Hakupendezwa na hilo pia. Alibeba kapu lake. Alipofika langoni aligeuka akasema atafikiri kama farasi wake wabaki pale au wapelekwe kwa mfunzaji mwingine, mwenye moyo mkavu kidogo. Akaenda. Sorcha naye akamtazama mama yake kana kwamba hamjui, akaokota kiatu, akaingia ndani, na mlango ukagonga.

Na kutoka dirishani ikaja sauti.

"Concepta."

Hakumwita dada. Concepta aliingia ndani akiwa na samadi viatuni, jambo asilolifanya kamwe. Ultan alikuwa amejiinua kwa kiwiko, jasho limemtoka kwa maumivu ya nyonga.

"Daktari amekuambia lini?"

"Juzi, Alhamisi."

"Basi ni yeye aliyekuwa anapiga kabla ya hapo. Niliisikia simu ikilia. Mara mbili. Nilikuwa nakusikia ukiiacha."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua kuna kitu cha kujua."

"Ndiyo."

"Mimi nimelala hapa nasikia mlio ule kila nikifumba macho. Nasema ni mikono yangu. Nakuambia wewe ni mikono yangu! Na wewe unaniambia kunywa supu."

Concepta alisimama na mikono yake imening'inia. Angetaka kusema alikuwa anaogopa. Angetaka kusema kwamba lile neno alilisema kwa wema, ili kumfariji. Lakini alipolitazama vizuri aliona si yeye Ultan aliyekuwa anafarijiwa nalo.

"Sina la kukuambia," alisema. "Si mikono yako. Hilo tu ndilo nililo nalo."

"Toka, dada," Ultan alisema, na akageukia ukuta. Lakini safari hii alisema dada.

Siku ile hawakusemezana mle ndani. Sorcha alikula amesimama. Concepta alifanya kazi za mabanda peke yake, akachelewa kumaliza, akalala kidogo sana.

Jumanne, niseme kabisa, ile mashine kubwa iliuonyesha ufa wa Mtawa, mguu wa kulia, pale ulipokuwa wa kaka yake, mdogo kama unywele. Lakini hayo ni ya Jumanne. Jumapili hakuna aliyejua. Jumapili kulikuwa na mwanamke aliyemtoa farasi ambaye machoni pa watu alikuwa mzima, binti aliyenyimwa mbio zake, na mgonjwa mwenye hasira, na jua kali.

Baada ya misa, ambako watu walikaa mbali nao kwenye benchi kuliko kawaida, walikula nyama ya nguruwe na viazi bila maneno. Sorcha akapanda chumbani kwake. Alilia mpaka akachoka, na mama yake alipopanda kumtazama alimkuta amelala usingizi mzito na nguo zake za kanisani, nywele zimemfunika uso. Akamvua viatu.

Aliposhuka, kitanda cha Ultan kilikuwa kitupu.

Alikimbia nje. Magongo yake yalikuwa yameegemezwa mlangoni mwa banda la Mtawa. Ultan alikuwa ndani, ameketi juu ya marobota ya nyasi, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, uso mweupe kwa taabu ya kutembea. Farasi alikuwa ameinamisha kichwa, anamnusa bega lenye bandeji.

"Nani alikuambia utoke?" Concepta alisema.

"Umefungua dirisha. Harufu imeniita." Hakumtazama. "Mguu upi?"

"Wa kulia."

Ultan alinyoosha mkono, akaushika kidogo. "Baridi," alisema.

"Nimekuambia."

"Sisemi na wewe. Nasema na yeye." Halafu, akiuachia mguu, "Askofu aliniambia na mimi, unajua. Juu kule, ninasikia kabla yako. Kila kona alikuwa ananiambia. Usijibebeshe mzigo wote peke yako, hutauweza. Lakini sijakusamehe ile supu."

"Usinisamehe."

"Sikusamehe. Kaa, unamtisha farasi."

Akakaa. Marobota yalikuwa na joto la jua lililopenya mlangoni. Jikoni redio ilikuwa imeachwa wazi, na sauti ya mtangazaji wa mbio ilifika mpaka pale, mara kubwa mara ndogo, kufuatana na upepo. Farasi walikuwa wanapelekwa mstarini. Mtangazaji alianza kuwataja mmoja mmoja. Concepta alisikiliza majina na akafika pale ambapo jina la Mtawa lingetajwa, na mtangazaji akapita akataja linalofuata.

Alitaka kumwambia Ultan kitu. Aligeuka, akaona kichwa cha mdogo wake kimeanguka nyuma juu ya nyasi na mdomo wake uko wazi. Alikuwa hajalala hivyo tangu aanguke. Mtawa alikuwa anatafuna majani karibu na sikio lake, taratibu, bila kumgusa.

Redioni mtangazaji alipiga kelele kwamba wameondoka. Concepta aliwasikia wakienda, aliwasikia wakipanda mteremko wa nyuma, akawa anaingoja ile kona ya mwisho, ingawa hakuwa na mtu pale. Aliusikia umati ukianza kunguruma. Lakini alikuwa amekesha siku nyingi, na jua lilikuwa magotini mwake, na kabla farasi wale hawajafika kwenye kona, usingizi ulimchukua.